Mafuta Yasikatwe Kwanza

Mkuu wetu ni bahili wa vali za akiba, zile za kufunga mabomba zenyewe. Ndiyo maana kila jaribio fundi mmoja huwekwa nyuma ya ukuta wa zege, jirani kabisa na injini ya roketi, ashike vipini vya mafuta na oksijeni iwapo umeme utagoma. Siku ile zamu ilimwangukia mdogo wangu, baba wa watoto wawili. Mimi nilikaa chumba cha mitambo, roho mkononi.

Tulikuwa tunajaribu kitanuri tu. Hicho huchoma mafuta na oksijeni kidogo, gesi yake ikazungusha turbini, gurudumu lenye mapanga, nayo turbini ikazungusha pampu ya kulisha injini. Mafuta humiminwa kupita kiasi kinachoweza kuungua, kwa sababu hayo ya ziada ndiyo huipoza gesi. Ukiyapunguza, moto unakolea, turbini inayeyuka ikiwa mbioni, na vipande vyake havichagui ukuta. Kwa hiyo tunapozima, tunaanza na oksijeni. Mdogo wangu aliijua sheria hiyo vizuri sana, lakini mtu yeyote aliyewahi kuwasha jiko, akishtuka, mkono wake hukimbilia mafuta.

Kitanuri kilinguruma, pampu ikaanza kupiga mluzi. Mshale wa joto ulitulia, kisha ukapanda ghafla.

"Oksijeni imezidi," mkuu alisema.

"Oksijeni iko vilevile, mzee," nilimwambia. "Mafuta ndiyo yanapungua."

Nilielewa papo hapo nani anayapunguza. Nilibonyeza kitufe cha kufunga oksijeni kwa viganja vyote viwili. Mshale ukasita, ukaanza kushuka. Nikanyakua simu ya kumpigia kule nyuma ya ukuta. Iliita, ikaita, nami nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia mama.

"Dada." Alikuwa anahema. "Bomba limenirushia mvuke usoni. Nimeogopa, nikaanza kufunga mafuta."

"Umeumia?"

"Hapana. Ila mkono umeganda kwenye kipini. Nauambia uachie, hautaki."

Mkuu alikuwa ameinamia mishale yake, anatabasamu. "Turbini ni nzima. Mwambie abaki hapohapo, tunarudia."

"Anasemaje?" mdogo wangu aliuliza.

Nilichomoa ufunguo wa kuwashia mtambo, nikautia mfukoni, nikaenda kuubandua ule mkono mwenyewe, kidole kimoja kimoja.