Nafasi ya Vidole Vinne

Mabaki ya vitambaa katika karakana yetu yalijaza magunia matano, na Nusu Inchi, mwenye karakana, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Jina hilo tulimpa sisi mafundi, si mbele yake, maana alipima hata uzi uliobaki kwenye bobini. Basi wanawake fulani wanaofuma walipokuja kuagiza mifuko ya kuwekea kazi zao, alifurahi kama aliyeokota. Mimi nilidhani mtu akianza sweta huimaliza kwanza. Kumbe mmoja ana sweta sita, zote nusu, na kila moja inataka mfuko wake wenye kamba, na mfuko mwingine mdogo ndani wa sindano.

Niliikimbilia kazi ile kwa ajili ya mama. Mama ndiye aliyenifundisha ufundi, na alikuwa fundi kunizidi, lakini kwa miaka miwili akili ilikuwa ikimponyoka kidogo kidogo. Alisahau sufuria motoni, akasahau jina la jirani, kisha asubuhi moja jirani huyohuyo akamkuta barabarani na shimizi tu. Kaka yangu akakata shauri: nikienda kazini, mama afungiwe ndani, kufuli iwe nje. Kaka yangu ni hodari sana wa kukata mashauri ya nyumba asiyoishi. Nikamwambia mama si kuku, nitakwenda naye kazini. Nusu Inchi alikubali kwa sharti moja: mama apewe cherehani ya pembeni na yale magunia, na akae maadamu kazi yake haihitaji fundi wa pili wa kuirekebisha.

Wiki ya kwanza nilitembea kifua mbele. Mama aliweka maua ya buluu ya gauni la mtu kando ya mistari ya shati la mtu mwingine, na ungeapa vitambaa vile vimetoka duka moja. Mikono yake ilikumbuka yote. Nilianza kujidanganya kwamba na kichwa kitafuata.

Mfuko wenye bitana, yaani kitambaa cha pili kwa ndani, una jambo moja la kukumbuka. Unaushona ukiwa ndani nje, pande zote, ila unaacha nafasi ya vidole vinne kwenye bitana. Hapo ndipo unapoupitisha mfuko mzima kuugeuza, maua yatoke nje, kisha unaziba kwa mkono. Nilipokuwa msichana niliisahau nafasi hiyo mara moja tu. Mama alinifumulisha mshono wote, huku akiniuliza kama nilitaka kuugeuza kwa dua.

Wiki ya pili, mama akaisahau. Alishona mzunguko mzima, akaupindua mfuko huku na huku akitafuta pa kupitisha vidole, hakupata. Akauweka kando, akashona mwingine vilevile. Fundi wa makoti, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema anaona mama ameanza kushona mito. Nilicheka pamoja na wenzangu.

Kila mchana, baada ya chakula, mama alisinzia kidogo kitini. Nikaanza kuichukua mifuko yake, nafumua vidole vinne kwa wembe, naigeuza, naziba. Magauni ya wateja wangu yakasubiri. Mficha maradhi, kifo humuumbua; mimi nilikuwa naficha maradhi ya mwenzangu, tena nikijiona mjanja. Ila mama akiamka aliutazama ule mshono wa kuzibia, akaupitishia kidole gumba, akakunja uso. Ule haukuwa mkono wake, na fundi haupotezi mkono wake hata akipoteza mengine yote.

Ijumaa alishona mifuko kumi na mmoja. Nilikuwa kwenye wa tatu nilipohisi natazamwa. Mama alikuwa macho, ametulia kabisa. Hakunisemesha mimi. Alimwita Nusu Inchi.

"Huyu fundi wako ananifumulia kazi," alisema. "Nilivumilia nikidhani ni panya. Leo nimemwona na wembe mkononi."

"Mama, ni mimi," nikasema.

"Naona ni wewe. Ndiyo maana nakushtaki."

Nusu Inchi aliichukua ile minane iliyobaki, akapapasa bitana ya kila mmoja, pembe hadi pembe, asipate nafasi hata kwenye mmoja. Akaipanga vizuri mezani. Hakuwa mwanamke mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningepata wa kumchukia.

"Jumatatu mwache nyumbani," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nikamwomba wiki moja tu.

"Hata hii umeshaichukua bila kuomba," akasema, akarudi mezani kwake.

Niliwaza ile nyumba ikiwa imefungwa, na mama ndani akizunguka akitafuta pa kutokea kutwa nzima, bila hata wa kumwambia kwa nini. Nililia, sikuficha, na wenzangu wakainamia kazi zao kunisitiri.

Kisha nikachukua mtandio wa mama, nikamwambia muda umefika, twende nyumbani. Aliuondoa mkono wangu begani mwake taratibu, kwa adabu, kama mtu anavyomfanyia mgeni. Mapajani alikuwa ameshika mfuko mmoja niliouziba.

"Wewe nenda," akasema. "Mimi namsubiri binti yangu. Naye ni fundi. Akiuona mshono huu tu, atajua walichonifanyia."

Nikavuta kiti cha wateja, nikakaa kando yake, tukamsubiri.