Zamu ya Kupakata

Saluni ya Shangazi ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, benchi la ukutani na kioo kilichopasuka pembeni. Mlango wake ulitazamana na madirisha ya shule ya msingi. Msusi huyo aliitwa Shangazi na mtaa mzima, maana kila mtoto aliyezaliwa pale alimhesabu kuwa wa kaka yake.

Kila asubuhi binti wa miaka kumi na mmoja alikuja kukaa kizingitini na wadogo zake mapacha, mmoja mgongoni, mwingine miguuni. Mapacha walimwita Dada, basi na watu wazima wakamwita hivyohivyo. Mama yao alifua nguo katika nyumba za watu. Baba yao alikwenda mbali kutafuta kazi, na hadi leo bado anaitafuta.

Siku moja darasa la ng'ambo lilikuwa likiimba hesabu za kuzidisha. Lilipofika saba mara nane, sauti zikapotea mojamoja. Dada, huku akimfuta pacha mmoja kamasi, akasema polepole, "Hamsini na sita." Kisha akamalizia jedwali lote, kama mtu anayejisemea.

Chanuo la Shangazi likasimama kichwani mwa mteja. Akamuuliza binti mbona hayuko kule ndani. Dada akajibu kwamba alifika darasa la tatu, mapacha wakazaliwa.

Jioni Shangazi alimfuata mama yao, akamkuta akikamua shuka.

"Unadhani napenda, Shangazi?" mama akasema. "Nikienda nao kazini, nani atanipa nguo zake nifue? Nikiwaacha peke yao, nitarudi nikute nini?"

Shangazi akamsaidia kukamua lile shuka. Akaaga, akarudi kwake mnyonge.

Jibu lilimjia kesho yake, akiwa anamsuka muuza nyanya, mwanamke wa miraba minne. Mteja wa kusuka hukaa saa nne nzima, na muda wote huo mapaja yake hayana kazi. Shangazi akaweka chanuo chini. Alimchukua pacha mmoja, akampakatisha muuza nyanya, akaendelea kusuka. Muuza nyanya akamtazama mtoto, mtoto akamtazama yeye, wakaridhiana.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," muuza nyanya akasema.

"Methali nzuri," Shangazi akamjibu, "ila chawa usiwataje humu ndani, utanifukuzia wateja."

Ikawa sheria: anayeketi kusukwa, anapakata. Mama alipoelezwa alikataa kwanza, akisema hataki wanawe wawe mzigo wa watu. Siku ya tatu akawaleta mwenyewe, wameogeshwa hadi wanang'aa.

Haikuwa lelemama. Pacha wa kwanza alilamba kopo la mafuta ya nywele, akashinda kutwa ananukia kuliko wateja. Wa pili alifumua mistari miwili iliyokwisha kusukwa. Bibi harusi mtarajiwa alisema wazi kwamba yeye amekuja kupendeza, hakuja kulea. Lakini pacha akamlalia begani, na bibi harusi alipomaliza kusukwa hakuinuka. Alikaa saa nzima zaidi, shingo upande, asimwamshe.

Shuleni nako kulikuwa na mtihani wake. Mwalimu mkuu alimpokea Dada kwa furaha, ila kwa kuwa mkono ulikuwa umesahau kuandika, alimweka darasa la pili. Dada akawa mrefu kuliko wenzake wote, nao wakambatiza Twiga. Wiki ya kwanza alirudi saluni analia, akasema haendi tena.

Shangazi alimwacha alie mpaka akatosheka. Ndipo akamwambia, "Twiga haoni aibu, mwanangu. Yeye huona mbali."

Mwalimu mkuu aliahidi kwamba muhula ukiisha atampa mtihani wa kuingia darasa la nne. Kuanzia hapo, kila alasiri, Dada alisoma kwenye benchi. Waliokuwa wakisukwa walimsikiliza akisoma vitabu vyake kwa sauti, na muuza nyanya, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akajikuta anajua mito, milima na nusu ya sehemu za mmea. Akawa anawasahihisha wengine.

Siku ya kufunga shule, wazazi waliitwa uwanjani. Mama alitoka kazini mbio, mikono bado imekunjamana kwa maji. Mlango wa saluni ukafunguka, wakatoka wanawake wanne, wawili wamesukwa nusu kichwa, kila pacha kiunoni mwa mtu. Mwalimu mkuu alisoma majina, akafika la Dada, akasema amefaulu kuingia darasa la nne, na katika hesabu hakukosa hata moja. Mapacha wakaita "Dada!" kwa pamoja, uwanja mzima ukacheka. Mama alitaka kupiga vigelegele, wenzake wakamwahi.

Waliporudi saluni, mama alimshika Shangazi mkono, akamketisha kwenye kiti cha katikati na kumvua kilemba. Nywele zilikuwa timutimu. Katika mtaa mzima, kichwa hicho ndicho pekee kilichokosa msusi.

"Mimi ni mfuaji," mama akasema. "Kusuka sijui vizuri. Lakini tulia."

Akamsuka mistari sita, miwili ikaenda kombo, mmoja ukapotelea sikioni. Dada aliketi sakafuni akimpa mama yake uzi, na pacha mmoja alikuwa mapajani mwa Shangazi, kwa kuwa sheria ni sheria. Shangazi alijitazama kiooni, akacheka hadi machozi. Wateja wapya walipomuuliza wiki nzima nani kamsuka vile, aliwajibu kwa maringo kwamba ni wifi yake.