Kilo Tano Begani mwa Mama Breki

"Shingo hiyo umelalia nini, mwenzangu?"

Aliyeuliza ni fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja, asubuhi alipomwona Mama Breki akiitoa pikipiki uani huku kichwa kimeinamia kushoto.

"Sikulalia kitu," akajibu. "Nimelaliwa mimi."

Fundi alitazama bega la kulia, akaona jinsi koti lilivyodidimia, akasema pole, akarudi kwenye cherehani yake.

Mama Breki alikuwa amebeba abiria miaka kumi na tisa. Madereva wenzake kituoni walimbandika jina hilo kwa kuwa alianza kufunga breki kabla shimo halijaonekana. Walimcheka, lakini wake zao waliposhikwa na uchungu hawakumwita mwingine. Hakuwahi kumwangusha abiria, wala kumwacha njiani. Kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa hayo mawili, ndipo akapiga kiki.

Mwezi uliopita alimpeleka hospitali mwalimu wa chekechea, mja mzito. Getini mlinzi akamwonyesha kibao: pikipiki mwisho hapo. Magari yalikuwa yanapita. Mama Breki, kwa adabu zake, akazima injini. Kutoka getini hadi wodi ya wazazi ni hatua mia tatu za kupanda. Mwalimu alipanda mia na arobaini, akaegemeza kichwa kwenye bega la kulia la dereva wake, akafia hapo, yeye na mtoto tumboni. Kiti cha magurudumu kilipofika hakikuwa na kazi tena.

Mwili ulizikwa Jumatano. Uzito wa kichwa ukabaki begani.

Hakuna aliyelifanya jambo hilo hadithi. Abiria walisema tu, "Dada, mwambie mwenzako asogee kidogo," kisha wakajibana upande wa kushoto. Mama wa marehemu alipita kila Ijumaa na kitambaa safi, akakitandika begani, akauliza, "Umeamkaje, mwanangu?" akaendelea na safari yake ya sokoni.

Maumivu lakini hayakuwa na utani. Yalianzia chini ya sikio, yakashuka mkononi mpaka kwenye vidole vya breki, na dereva asiye na vidole vya breki si dereva. Ndipo akaenda kumwona mganga mkuu wa hospitali ile, ambaye ofisi yake iko hapo hapo ukishaingia getini.

Mganga alimpandisha kwenye mizani. Sitini na sita. Kadi ya mwaka jana ilisema sitini na moja.

"Kilo tano," mganga akasema, akiandika. "Kichwa cha mtu mzima hicho. Nitakupa kola ya shingo na dawa ya kuchua."

"Sikuja kutuliwa mzigo, daktari. Nimekuja kuomba geti. Nimfikishe mpaka mlangoni kwa pikipiki, kama nilivyopatana naye. Akifika atashuka mwenyewe. Na wanaokuja nyuma yake nao wapite."

"Pikipiki zina kelele, mama. Wagonjwa wanapumzika."

"Hata huyu anapumzika."

Mganga alilitazama bega. "Najua. Cheti chake cha kifo nilikiandika mimi." Akafunika kalamu. "Lakini sheria ya geti sikuitunga mimi."

Dirishani, mchoraji alikuwa juu ya ngazi akikipaka kile kibao rangi mpya, herufi zimeongezwa ukubwa. Chini yake mwanamke mja mzito alikuwa ameshushwa kwenye pikipiki, akiupima mlima kwa macho.

"Basi atakaa," akasema Mama Breki. "Abiria wangu simwachi njiani."

Kola aliiacha mezani. Alikunja vidole vya breki, viliuma, vikakunjika. Akaiinua shingo taratibu mpaka ikanyooka, kama ya mtu aliyejitwika ndoo ya maji na hataki tone limwagike. Akakiweka sawa kitambaa, akatoka, akaenda kumpa yule mwanamke bega la kushoto.