Jumla ya Mshazari

Kinyaa kilimshika Gesine tangu asubuhi, alipogundua kwamba Hauke, mwenzake wa kazi za wiki, amenakili jibu la wanafunzi wa mwaka jana na kuliwasilisha kwa majina yao wote wawili. Pale Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, kazi huwasilishwa wawili wawili, kisha mmoja huitwa ubaoni kuieleza. Ikikataliwa, alama zimekwenda na maji, na bila alama za wiki hii wasingeruhusiwa kufanya mtihani.

Akaitwa Gesine.

"Soma tu kama kasuku," Hauke akamnong'oneza. "Usituletee ujuaji."

Akachora majedwali mawili ya namba, moja la mahali ilipo chembe, jingine la mwendo wake. Ukiyazidisha hivi, kisha kinyume chake, ukatoa zao moja kwenye jingine, kanuni ya fizikia hutaka mshazari mzima, yaani namba za kutoka pembe hadi pembe, ubaki na namba ile ile, isiyo sufuri. Karatasi yao ilidai kuwa majedwali yao madogo yanatimiza hivyo, hesabu ikiwa imelazimishwa. Gesine akajumlisha mshazari. Kushoto mwa alama ya sawasawa, sufuri, maana mazao yote mawili yana jumla ile ile. Kulia, si sufuri. Na darasa zima linanakili ubaoni bila hata kukunja uso! Akaligeukia darasa.

"Huu ni uongo," akasema.

"Gesine, acha bwana!" Hauke akaguna.

Wiebke, msaidizi wa profesa, akaacha kutafuna tofaa lake. "Kwa hiyo fizikia nzima ni uongo?"

Gesine akayaongezea majedwali safu, akaongeza tena. Jumla bado sufuri. Kila mara namba ya pembeni kabisa ndiyo iliyoharibu.

"Popote ninapokata, pembe ya mwisho inaharibika," akasema taratibu. "Basi tusikate. Majedwali haya hayana mwisho, hivyo jumla hiyo haipo, na kanuni inabaki salama."

"Hapo sasa!" Wiebke akatabasamu.

"Itatoka kwenye mtihani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Haitoki," Wiebke akajibu.

Kalamu zikawekwa chini, watu wakavaa makoti. Lo, watu hawa!

Wiebke akaichora karatasi yao msalaba mwekundu wa kuikataa. "Umeeleza vizuri mno. Ila alama ni za karatasi, na karatasi ni ya uongo. Umesema mwenyewe."

Hauke alimngoja mlangoni, macho yamemwiva. "Umetumaliza sote. Kwa faida gani? Ungenyamaza tu!"

"Ningetapika," Gesine akamjibu, akampita, akaenda kujiandikisha kurudia somo.