Mkono wa Anusaya

Safari nzima ya kwenda Pandharpur, kwenye hekalu la mungu wao Vithoba, Anusaya hakugusa unga. Kundi lao la mahujaji lilipotua kupika, yeye alikwenda kutafuta kuni, kisha akaketi pembeni na sahani yake mwenyewe. Na huyu ndiye ambaye miaka yote mikate yake ya mtama ilikuwa ikigombaniwa!

"Tangu mwanao apate kazi Pune, unga unakuchafua?" Kondabai alimtania. "Au tukutafutie mpishi, bibi mkubwa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Anusaya naye alicheka, ingawa moyoni alikuwa akilia.

Angewaambia nini? Mwaka jana nusu ya kundi walirudi na homa ya matumbo, na mume wa Kondabai, baba Vilas, hakuinuka tena kitandani hadi akafa. Watu walilaumu visima vya njiani. Miezi ilipita, ndipo daktari alipomweleza Anusaya kwamba vijidudu vya homa ile vimeweka makao ndani yake. Yeye haumwi, lakini anaweza kuwaambukiza wengine. Ameze dawa, anawe kwa sabuni, na asimlishe mtu mpaka kipimo kitoke safi. Kipimo kilikuwa bado. Basi alitembea katikati ya nyimbo na ngoma za watu wake, na alikuwa hajawahi kuwa mpweke kiasi kile.

Siku ya mwisho ni siku ya kala. Mtindi na pepeta za mchele huchanganywa katika chungu kimoja, na kila mtu humlisha mwenzake kwa mkono. Siku hiyo hakuna anayenyimwa. Tangu walipokuwa maharusi wapya kijijini, Anusaya na Kondabai walikuwa wakilishana.

Kondabai akaja na bakuli, akaketi mbele yake, akafumba macho na kufungua kinywa.

"Haya, nilishe. Maringo yako tutayaongea nyumbani."

Tonge moja tu, na urafiki wao ungepona, wala hakuna ambaye angejua. Anusaya aliutazama ule mdomo uliomsubiri kwa imani yote. Akaificha mikono ndani ya sari.

"Siwezi, dada. Homa ya mwaka jana ilitoka kwenye mikono hii. Daktari kaniambia. Bado ninayo."

Kondabai akafumbua macho.

"Unasema nini wewe?"

"Niliwalisha bila kujua. Haki ya Mungu sikujua... nakuapia kwa Vithoba, sikujua."

"Na baba Vilas?"

"Naye."

Kondabai hakupiga kelele. Alichota tonge, akamtia Anusaya kinywani, maana siku ile hakuna anayenyimwa. Kisha akajitanda ushungi vizuri, akainuka, akaenda kukaa na wanawake wengine.

Anusaya alibaki na lile tonge mdomoni. Hakuweza kulimeza, wala hakuthubutu kulitema.