Bwalo la Wasiosikika

Mchana ule nilirudi nyumbani nimeshindwa. Mimi hufundisha historia chuoni, na kamati ya jubilei ilikuwa imenipa kazi ya kuandika kitabu cha chuo chetu. Sasa mwenyekiti, Profesa Mwakibinga, alikuwa ameikata sura nzima ya maisha ya wanafunzi. "Mwanafunzi ni mpita njia, Tunu," aliniambia mbele ya wote. "Tena nyaraka zake ziko wapi? Andika majengo na viongozi, tumalize." Nilikusanya karatasi zangu nikaondoka. Nyumbani nilijitupa kwenye kochi na viatu miguuni, mvua ikipiga bati, usingizi ukanichukua.

Nikajiona niko katika nchi ya vilima vyeupe, mbele ya lango refu lililong'arishwa hata nikauona uso wangu ndani yake. Aliyelifungua alikuwa Fahari, bwana mrefu mwenye joho jekundu lililoburuzika nyuma yake kama mkia wa tausi. Alinitembeza kati ya sanamu za watu waliovaa kofia za mahafali, zote zimeinua kidevu, hakuna hata moja inayocheka. "Hawa ndio wanafunzi," akasema. Nikamuuliza, "Hii ni siku yao moja tu. Siku zile nyingine walikuwa wapi?" Akakunja uso, akanionyesha mlango wa nyuma.

Huko nilimkuta mtu mpole kuliko wote niliowahi kukutana nao, akipaka chokaa ukuta wa bweni. Jina lake Usahaulifu. Chini ya brashi yake michoro ya wanafunzi ilikuwa ikizama: msichana mwenye gitaa, timu ya mpira wa pete, mistari ya mapenzi iliyojaa makosa ya tahajia. "Karibu upumzike, dada," akaninong'oneza. "Wameshaondoka hao. Hawamdai mtu chochote." Nilikuwa nimeanza kuketi pale, mkono mmoja uliponishika ukaniinua.

Alikuwa Kumbukumbu. Nilitarajia mwenye mvi, kumbe ni binti aliyesuka nywele, sauti imemkauka. "Mimi huzaliwa upya kila ninaposimuliwa," akasema, "na siku hizi nasimuliwa kidogo." Akaniongoza hadi kwenye bwalo pana lililojaa vijana: wanagombania ukoko wa wali, wanabishana siasa, wanacheza dansi kati ya meza, na vinywa vyote vinakwenda bila mlio. Wengine walikuwa wamefifia hata niliuona ukuta kupitia mabega yao.

"Kwa nini hawasikiki?" nikauliza.

"Sauti zao ziko kwenu. Wenyewe sasa ni mabibi na mababu, wanamwagilia michicha yao, wala hakuna anayewauliza. Usitafute karatasi kabla hujatafuta watu."

Hapo nikamwona msichana mwenye mwanya amepanda juu ya benchi, akiongoza wimbo. Alikuwa shangazi yangu Nyamizi, ambaye nilijua alisoma chuoni kwetu, lakini mimi nilimfahamu tu kama bibi shamba mstaafu, aliyewahi kuelekeza wakulima kule Nzega. Kufifia kulikuwa kumeshamfika kiunoni. Nilifungua kinywa nimsaidie kuimba, nikagundua kwamba siujui wimbo wenyewe. Uchungu wa kutoujua ndio ulioniamsha.

Mvua ilikuwa imekatika. Nilikaa kitako, na jambo likanijia wazi: ile sura haikukosa historia, ilikosa mtu wa kuuliza. Nikachukua simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka unisimulie mlivyoishi chuoni. Siyo masomo. Bweni, chakula, nyimbo."

"Nyimbo?" Akacheka, cheko la msichana, akaanza kuimba kwa sauti ya kutetemeka wimbo wa kudai maharage yasiyo na wadudu. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Alipofika ubeti wa pili, maneno yakamponyoka.

"Ngoja, usikate," akasema. "Kuna mwenzangu wa bwenini, anaitwa Sikudhani, yuko Singida; yeye ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya pili. Muunganishe na yeye kwenye simu hii, namba yake ninayo."