Weupe Ubavuni mwa Kiyotaki Maru

Chizuko Mochizuki aliisogeza modeli yake ya meli karibu na taa, akaitazama, akasonya. Ubavu wa meli, aliotoka kuupuliza rangi ya buluu iliyokolea, ulikuwa umeota weupe kama uso uliopakwa poda kwa pupa. Na haikuwa mara ya kwanza. Alikwishaukwangua, akausugua kwa msasa wa maji, akapuliza upya, na jioni weupe ukarudi bila aibu.

Maonyesho ya klabu yao ya waunda modeli yalikuwa Jumapili, katika ukumbi wa mtaa pale Shimizu, mji wa bandari wa Japani. Modeli yenyewe ilikuwa Kiyotaki Maru, meli ya kuvulia jodari iliyoundwa kwenye gati la Shimizu wakati baba yake, Mzee Tokuzo, akiwa msimamizi wa wapaka rangi. Sasa mzee alikuwa amepita miaka themanini, anaishi kwa bintiye, na modeli zote aliziita vidude vya watoto. Hakujua safari hii kidude ni meli yake. Chizuko alikuwa ameapa kwamba baba ataiona inang'aa kama siku ile alipoiachia majini.

Jumamosi asubuhi alipita Sugiyama, mwenzake wa klabu, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri.

"Dada Chizuko, unajitesea nini? Ipake kutu kidogo na matope, na huo weupe useme ni chumvi ya bahari. Wote tunafanya hivyo."

"Ndiyo maana meli zenu zote zinaonekana zimefukuliwa kaburini."

"Majaji wanazipenda!"

"Waendelee kuzipenda. Baba hajawahi kutoa meli chafu gatini, na mimi sitoi."

Sugiyama akacheka, akanywa chai yake, akaenda zake.

Chizuko akaanza kumsaka mchawi. Alibadilisha thina ya kuzimulia rangi. Akafungua kopo jipya la rangi. Akakamua maji yote kwenye mpira wa pampu ya hewa ya kupulizia. Kisha akachukua vijiko vya plastiki, ambavyo kila mtu wa klabu huvitumia kujaribia rangi, akapuliza kimoja asubuhi. Kikang'aa. Cha mchana nacho kikang'aa. Jioni akapuliza kingine kwa rangi ile ile, na kabla hajaweka bomba la kupulizia chini kikaanza kufifia na kuwa cheupe.

Sasa jioni huja nini? Akatulia, akasikia maji ya moto yakimiminika kwenye beseni la kuogea, nyuma ya ukuta. Ni saa ya baba kuoga. Kona yake ya kupulizia ilikuwa mlangoni pa bafu, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na dirisha la kuweka feni ya kuvuta hewa nje. Na feni ile, aliyojivunia kuifunga kwa mikono yake, ilikuwa ikivuta mvuke wote wa bafuni na kuupitisha juu ya rangi mbichi! Klabu nzima hukatazana kupuliza siku za mvua, kwa kuwa unyevu huigeuza rangi mbichi kuwa nyeupe. Hakuna aliyewahi kumkataza kupuliza saa ya baba kuoga.

Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka. Modeli ilitakiwa ukumbini asubuhi, na rangi ilihitaji usiku mzima kukauka. Na Mzee Tokuzo angeweza kukosa chakula, lakini si maji yake ya moto.

Akamkuta na taulo begani.

"Baba, leo huogi."

"Nani kasema?"

"Mimi. Mvuke wako unaniharibia rangi."

"Mvuke? Rangi yako ni mbovu! Nimepaka meli miaka arobaini, usinifundishe kazi."

Chizuko akamwekea vijiko viwili mkononi. "Hiki cha asubuhi, hiki cha sasa hivi. Kopo moja, thina moja, mkono mmoja. Kilichoongezeka ni wewe tu, Baba."

Mzee akavigeuzageuza chini ya taa, akavinusa, akavikwaruza kwa ukucha. Kisha akafunga bomba la maji mwenyewe.

"Jeuri hii umeitoa wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

Chizuko akafuta bafu likakauka, akafunga mlango, akapuliza thina inayokauka polepole juu ya ule weupe. Rangi ikalainika, unyevu ukapata njia ya kutoka, na buluu ikarudi taratibu, nzito na safi. Akaifunika meli. Moyo wake ulikuwa umejaa fahari.

Jumapili Mzee Tokuzo alifika ukumbini akinung'unika kwamba anawashwa mwili mzima. Alipoifikia meli, manung'uniko yakamwishia. Alisoma jina, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akainama na kuanza kutafuta kasoro, kutoka mbele hadi nyuma, kama alivyowatesa vijana wake gatini. Chizuko alisimama kando kifua mbele. Alijua hataipata.

Mgeni mmoja wa klabu nyingine akasogea. "Samahani, rangi imeng'aaje hivi katika msimu huu wa mvua?"

Sugiyama alifungua mdomo, lakini mzee akamwahi.

"Mimi nilisema rangi ni mbovu. Nilikosea. Huyu hapa, binti yangu, alininyima kuoga mpaka akaipata." Akanyoosha mgongo. "Ile meli kubwa niliipaka mimi. Na siku inatoka gatini, haikung'aa hivi."